Shubiri Moja na Vidole Viwili

Waridi sitaki kwangu, nilisema mapema,
kabla jembe halijainuliwa, kabla Kimosop
hajafunga kamba kutoka chooni hadi langoni
na kutangaza, kwa sauti ya chifu barazani,
kwamba hapa, badala ya mahindi,
mwaka huu tutapanda vitu vya kutazamwa.

Vitu vya kutazamwa! Mama mkwe akaguna:
"Na sufuria nayo tutaitazama?"
Tukamwachia mistari mitatu ya sukuma,
akanyamaza nusu.

Mimi hukata waridi kutwa, siku sita kwa juma,
kule kwenye mahema ya nailoni, njia ya Njoro.
Sentimita sitini. Sabini. Arobaini.
Lililopinda, tupa.
Lililofunguka kabla ya saa yake, tupa.
Lenye doa dogo kama la tetekuwanga, tupa.
Yaliyonyooka hulazwa kwenye maboksi, hupanda ndege,
nami hurudi Rongai kwa miguu, nikinuka dawa,
viganja vimechanjwa chale na miiba.
Sasa niambie,
nifike nyumbani nilikute mlangoni linanisubiri?

Basi tukapanda mengine.
Jerop, aliyezaliwa mvua ikinyesha, alichagua kifabakazi,
akakiotesha ndani ya pakiti ya maziwa,
akawa anakilaza ndani usiku kama kifaranga.
Kibiwott alitaka ule mti wa maua mekundu
yaliyo kama brashi ya kuoshea chupa.
Wa shuleni kwao hujaa nyuki,
lakini umesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu,
naye alitaka nyuki wasio na mwalimu.
Tallam, wa miaka minne, alipanda kijiko.
Tulikiacha hapo. Kikapata zamu yake ya maji.

Udongo wa huku ni mwepesi, jivu la mlima wa kale,
unamwaga maji yanazama kama deni ulilomkopesha shemeji.
Kwa hiyo hakuna tone lisilo na mwenyewe:
ya kuoshea vyombo ni ya jakaranda,
ya kuogea ni ya bogonvilia,
ya kusuuzia mchele huyagombania.
Jerop akaiba fungu la kaka yake,
kaka akaenda kukojolea kifabakazi,
kesi ikaletwa kwangu hata sijavua gambuti.
Kabla sijahukumu, kifabakazi kikatoa majani mapya.
Mlalamikaji akakosa la kusema.

Mbuzi wa kina Wairegi wakaila bogonvilia, miiba na yote.
Kimosop akapanda nyingine bila neno.
Hivyo ndivyo alivyo. Nilimpendea hilo
kabla sijajua kwamba ningechoka naye pia.

Jumapili moja ya Agosti nikaenda nyuma ya tangi
kuanika sweta ya kazini.
Pale, kwenye jerikeni lililopasuka ubavu,
kati ya sukuma mbili zilizozeeka:
waridi.

Nikaita watu wote. Nani kalileta?
Kimosop akatazama viatu vyake. Watoto wakatazamana.
Mama mkwe akaendelea kuchambua maharagwe.
"Kijiti kilinasa kwenye sweta yako," akasema,
"tangu Machi. Unaileta kazi nyumbani
halafu unatukaripia sisi."

Nikainama.
Shina fupi, limepinda kama shingo ya mtu anayechungulia.
Petali mbili zimetobolewa na mdudu.
Rangi yenyewe siijui: kule hukatwa yamefumba,
miaka tisa, na sijawahi
kuliona moja likimaliza kufunguka.

Mkono wangu wa kulia ukajikunja wenyewe
kama umeshika mkasi.
Nikaukunjua. Nikapima, kwa mazoea tu,
kidole gumba udongoni, cha kati juu:
shubiri moja na vidole viwili.

"Ni nzuri?" akauliza Tallam. "Inapita?"

Nikamwambia akalete maji.
Ya mchele, nikasema. Yale mazuri.